Shimo Lililokandikwa

Jina la Tarumbeta hakupewa na wazazi wake, alipewa na ofisi ya ardhi. Karani mmoja wa zamani, mwenye mdomo mwepesi na kalamu nzito, alimsikia akitoka getini bado anasema, akamwuliza mwenzake, "Lile tarumbeta limeshaondoka?" Neno likaruka dirishani, likafika tambarare kabla ya mwenyewe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akasimama katikati yao akasema jina limempendeza, maana tarumbeta halipigwi chumbani kwa kunong'ona. Toka siku ile hata mama mkwe wake alimwita hivyo. Karani alishastaafu na kusahauliwa, jina halijastaafu.

Alichokuwa akikipigia kelele kilitundikwa ukutani, nyuma ya meza ya mkuu wa ofisi ile. Ilikuwa ramani. Mabonde yenye mito yalipakwa kijani, vilima vikapakwa kahawia, na tambarare yao yote, toka miguuni mwa vilima vya mawe mpaka kwenye mbuga ya chini, ikapakwa kijivu kama majivu ya jana. Juu ya kijivu kile paliandikwa maneno mawili: Haifai kulimwa.

Tarumbeta alijua maneno yale yaliandikwaje, kwa sababu alikuwepo. Alikuwa bibi arusi mpya, bado anamwonea haya baba mkwe. Gari lilisimama barabarani katika mwezi wa ukame mkali kuliko yote, mwezi ambao hata mbuzi hufumba macho wasiione nchi ilivyo. Kioo kikashushwa. Mwanamume mwenye kofia akatazama kushoto, akatazama kulia, akaandika. Kioo kikapandishwa. Hakushusha hata mguu mmoja. Baba mkwe alikuwa amesimama kando ya barabara na jembe begani, amevua kofia yake kumsalimu mgeni, na salamu ile ikabaki hewani na vumbi.

Kwa maneno yale mawili watu wa tambarare walikosa bwana shamba. Walikosa barabara, wakakosa mbegu. Kila walipobisha hodi waliulizwa, "Mbegu za nini, na pale hapalimiki?" Na waliouliza hivyo ndio hao hao waliokuja sokoni kila mwisho wa juma kununua mtama wa tambarare, wakichagua ule mweupe, wakiupuliza na kuunusa kama waliulima wao. Tarumbeta aliwajua kwa sura, mmoja mmoja. Hakusahau hata viatu vyao.

Sasa mambo yalikuwa yameiva. Kampuni moja ya ranchi iliitaka tambarare yote, iizungushie waya, ifuge. Ofisi ikakubali mbio mbio, kwani nani angepoteza nini? Watu wangehamishiwa ng'ambo ya vilima, kwenye miamba ambako hata mjusi hupita akitafuta kwingine. Ila sheria ilidai jambo moja kwanza: udongo upimwe upya. Huo ndio mlango pekee uliobaki wazi, na Tarumbeta ndiye aliyeuzuia kwa bega lake usifungwe, akiandika barua, akisimama mikutanoni, akisoma magazeti ya kufungia sabuni mpaka akajua sheria ile inasemaje na inasemwa ukurasa gani.

Mpimaji alipokuja, hakuwa mtu wa kofia na kioo. Alikuwa binti mwenye buti za mpira, nywele kazifunga kwa kamba ya viatu, mifuko ya suruali imejaa karatasi za rangi. Alishuka garini kabla gari halijasimama sawasawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshuka?"

"Nimeshuka, mama."

"Basi wewe umeshawashinda waliokutangulia wote. Karibu."

Nyuma yake alishuka Bwana Ardhi, msimamizi kutoka ofisini, mtu mnene wa heshima zake, viatu vimeng'arishwa mpaka mawingu yakijitazama humo. Yeye alitafuta kivuli, akakipata, akakaa.

Binti alitembea. Tarumbeta alitembea naye, na shemeji yake Tarumbeta, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji, akafuata akihema. Walianzia juu, chini ya vilima, ambako mvua ikishuka hushuka na mawe, inachimba makorongo na kuacha mchanga mwekundu na kokoto. Wakashuka katikati, kwenye udongo wa kahawia ambao mvua ya kwanza ikiupiga hujifunga gamba gumu, mbegu ikabisha hodi chini kwa chini bila kufunguliwa, mpaka mtu apite na jembe dogo kulivunja. Wakafika kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi, nyufa zake zikimeza mpini wa jembe, na masika ukishika buti hauliachii. Kila mahali binti alizungusha chuma chake ardhini kama mtu anayefungua chupa, akautoa udongo, akaulowesha, akauviringisha kiganjani, mara nyingine akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi.

"Unakula nchi yetu?" Shemeji aliuliza.

"Naionja tu, mwenyekiti. Kuila mnaila nyinyi."

Tarumbeta alimpenda kuanzia hapo. Na binti naye hakuwa na majivuno ya kitabu. Aliuliza mistari ya mawe kule juu imepangwa na nani, akaambiwa ni wao wenyewe, akapiga picha. Aliuliza vile vishimo vya kupandia vyenye samadi, akaambiwa, akaandika. Walielewana kama mafundi wawili waliokutana juu ya paa moja.

Ila walipofika chini kabisa, karibu na kisima cha mbugani, Tarumbeta alipunguza mwendo, akaanza kuongea habari za mvua. Hapo palikuwa na shamba lake mwenyewe, alilopewa na baba mkwe siku ya arusi. Udongo wake ulikuwa na ukungu mweupe juu, kama ulionyunyiziwa unga. Binti alitazama ukungu ule, akamtazama Tarumbeta, akaandika kitu kifupi.

Mchana vijana walichimba mashimo ya ukaguzi, kila aina ya ardhi shimo lake, marefu kwenda chini kiasi cha mtu kusimama akabaki kichwa. Kesho yake binti angeshuka humo, asome matabaka, achukue udongo wa kupeleka maabara. Lakini kabla jua halijalegea aliitwa na wakubwa wake, kuna kazi ya haraka kwingine. Alimvuta Bwana Ardhi pembeni ya gari akamwelekeza kwa mikono, akiparura hewa kama paka. Kisha akaondoka. Sampuli angechukua Bwana Ardhi asubuhi.

Na hapo ndipo watu wa tambarare walipofanya kosa ambalo wao tu wangeweza kulifanya.

Tarumbeta alisimama ukingoni mwa shimo la kwanza akachungulia. Kuta zimeparurika, mizizi imening'inia, kokoto zinaporomoka. Aliona aibu, aibu ile ya mtu aliyefikiwa na mgeni kabla hajafagia. Nchi yao imetukanwa miaka yote hii, leo inafunuliwa tumbo mbele ya ofisi, halafu ionekane hivi?

"Jamani," aliwaambia wanawake waliokuwa wakirudi na ndoo, "kesho wanakuja kutazama ndani ya nyumba yetu. Mtaiacha hivi?"

Hakuhitaji kusema mara mbili. Kila mmoja wao aliikandika nyumba yake kila mwaka kwa mkono wake, na kila mmoja aliamini ukuta wake ndio laini kuliko wa jirani. Ililetwa samadi. Yaliletwa majivu ya jikoni, kwa sababu majivu hung'arisha ukuta na hufukuza wadudu. Maji waliyateka kisima cha mbugani, maana ndicho kilicho karibu, na maji matamu ya kisima cha juu ni ya kunywa, si ya kuchezea. Wakakoroga, wakashuka mashimoni wakiimba, wakakandika. Wakasawazisha kwa viganja, wakapitisha kitambaa. Mpaka jua linazama mashimo yote yalikuwa kama vyumba vya bibi arusi, na Shemeji alipopita akasema hajawahi kuona kaburi zuri namna ile, angependa kuweka oda.

Asubuhi Bwana Ardhi alikuja na viatu vyake. Alichuchumaa ukingoni mwa shimo, hakushuka. Alifunga kijiko kirefu kwenye fimbo, akakwaruza ukuta kutoka juu, akatia kwenye mifuko, akaandika majina ya mashimo.

"Hata shimo mnakandika," alisema akitabasamu. "Watu safi nyinyi."

Wanawake walinyosha shingo kwa fahari. Tarumbeta alinyosha kuliko wote.

Majibu yalikuja baada ya mavuno. Shemeji aliyaleta mkononi, uso umemshuka kama nguo iliyolowa. Walikaa chini ya ukingo wa paa la jiko, Tarumbeta akayasoma, midomo ikicheza. Chumvi imezidi. Juu, katikati, kwenye udongo mweusi, kila mahali imezidi. Tambarare haifai kulimwa. Mkutano wa kuthibitisha utafanyika shuleni, na wataalamu watakuwepo.

"Mashine yao mbovu," Shemeji alisema. "Tuseme hivyo. Wewe useme, wewe ndiye mwenye mdomo. Useme maabara imehongwa na ranchi, na watu watakuamini. Hata mimi nitakuamini."

Tarumbeta aliinuka akachukua kata, akaenda mpaka kisima cha mbugani, Shemeji nyuma yake. Akateka, akaonja, akatema. Halafu akakaa chini palepale kwenye udongo mweupe, miguu ameinyosha kama mtoto.

"Shemeji. Majivu yana nini?"

"Majivu yana majivu."

"Yana chumvi. Mama yangu alichuja majivu akapata magadi, na wako pia. Na haya maji yana nini? Onja. Tumeichukua chumvi ya huku chini na ya jikoni kwetu, tukaipandisha mpaka vilimani kwa ndoo. Tumeikandika kwa mikono yetu."

Shemeji alionja, akakunja uso. Alikaa naye, na kwa kuwa mdomo wake haukuzoea msiba mrefu, akasema, "Shemeji, maisha yako yote unatia chumvi maneno. Sasa umeona haitoshi, umetia na udongo."

Tarumbeta alicheka. Hakutaka, lakini alicheka, na machozi yakapata njia ya kutokea.

"Usiseme," Shemeji alimsihi, sasa bila utani. "Nakuomba. Miaka yote hii unawaambia ofisi wanapika ripoti. Leo ukisema sisi ndio tuliopika udongo, watatuita matapeli, watafunga jalada, na wewe hutainua tena kichwa mbele yao. Bora mashine iwe mbovu."

Alijua Shemeji amesema kweli. Lawama ilikuwa tayari mdomoni mwake, tamu, imelainika kwa matumizi ya miaka. Angeisema vizuri kuliko mtu yeyote. Watu wangepiga makofi. Na tambarare ingebaki kijivu, kwa sababu makofi hayapimwi maabara.

Siku ya mkutano darasa lilijaa mpaka madirishani. Ubaoni kulikuwa bado na hesabu za watoto, mabati yanaalika kwa joto, na juu ya meza ya mwalimu mtu alikuwa ameweka maua ya plastiki ili shughuli ionekane shughuli. Bwana Ardhi alisoma majibu kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Binti alikaa pembeni yake, buti zile zile, kidole kikigonga karatasi.

"Kwa hiyo," Bwana Ardhi alimalizia, "sayansi imesema, na sayansi haina chuki na mtu."

"Samahani, bwana," binti alisema. "Mimi naona shida. Chumvi inafuata maji. Maji yanashuka, nayo inashuka, inakwenda kukaa chini mbugani. Haya majibu yanasema iko juu mlimani sawa na chini. Sijawahi kuona chumvi ikipanda mlima. Na nilionja udongo wa juu kwa ulimi wangu, haukuwa nayo." Akageuka kuwatazama watu. "Naomba niulize bila kumlaumu mtu. Kuna aliyeingia kwenye mashimo yangu?"

Wanawake walitazama vidole vyao vya miguu. Shemeji alimtazama Tarumbeta, akatikisa kichwa taratibu, taratibu sana.

Tarumbeta alisimama. Benchi likalia.

"Mimi," alisema. "Niliingia mimi. Hawa wengine niliwaita, wakaja kwa sababu niliwaita. Tulikandika kuta kwa samadi na majivu na maji ya kisima cha mbugani. Hatukutaka kudanganya mtu. Tuliona haya. Nchi hii imeitwa mbovu toka nikiwa bibi arusi, tukaona wageni wasiikute imechafuka. Basi tukaichafua wenyewe kwa kuipamba. Chumvi mliyoipima ni ya jikoni kwangu."

Sauti yake, kwa mara ya kwanza ambayo mtu yeyote anaikumbuka, haikufika barabarani.

Bwana Ardhi alikuwa ameshainuka. "Mmesikia! Wamechezea sampuli za serikali! Huyu ndiye anayetuita sisi wapishi wa ripoti, miaka yote, mbele za watu. Sasa nani mpishi? Kazi imekwisha hapa. Udanganyifu mtupu."

"Bwana," binti alisema, bila kupandisha sauti, "ile siku garini nilikuelekeza ukwangue ukuta kwanza, kina cha kiganja kizima, ndipo uchukue. Ulikwangua?"

"Nilikwangua."

"Kina cha kiganja?"

"Cha kiganja, ndiyo. Nimeandika hivyo kwenye taarifa."

Tarumbeta alikuwa bado amesimama. Hakuwa amejua habari za kukwangua. Alizisikia sasa pamoja na watu wote, na aliona jinsi mambo yalivyokaa. Aliinua mkono wake, kiganja mbele, ule mkono uliokandika.

"Bwana," alisema, "tope letu lilikuwa nene kama kidole hiki kidogo. Ungekwangua kiganja kizima, lote lingedondoka chini, ukaukuta udongo wa Mungu, siyo wa kwangu. Mimi nimesema langu mbele ya watu, na limenichoma. Na wewe sema lako."

Bwana Ardhi alitazama mlango, mlango umejaa watu. Akatazama chini, na pale chini vilikuwepo viatu vyake vinang'aa.

"Nilikuwa na kikao mchana ule," alisema mwishowe. "Nilivaa viatu vya kikao."

Darasa lilipasuka. Walicheka mpaka waliokuwa madirishani wakaanguka nje, wakapanda tena kuuliza amesema nini. Hata yeye mwenyewe, jasho linamtiririka, mdomo ulimcheza upande mmoja. Tarumbeta peke yake hakucheka. Alimwona mwanamume mwenye kofia, kioo kikipanda, na baba mkwe amesimama na salamu yake isiyopokelewa. Kumbe ugonjwa ulikuwa ule ule mmoja, wa kuogopa kukanyaga.

"Tupime tena," alisema, na safari hii barabara ilisikia. "Kesho. Mchana kweupe. Hatutashika kitu, tutakaa ukingoni mikono mapajani kama wanafunzi. Na huyu bwana ashuke mwenyewe."

"Sina buti," Bwana Ardhi alisema kwa sauti ndogo.

"Zipo."

Alimletea buti za marehemu mumewe. Shemeji aliziona, akamshika kiwiko. "Hizo? Za kaka? Huyu?"

"Zimekaa kulimia hewa tu, Shemeji. Mwache azikanyagie ardhi."

Siku iliyofuata hakuna aliyekwenda shamba. Tambarare nzima ilikaa kuzunguka mashimo, wazee kwenye vigoda, watoto wakikatazwa kurusha hata jani. Bwana Ardhi alishuka na buti za marehemu, akapewa kisu, akakwangua. Mwanzoni alikwangua kama mtu anayepaka mkate siagi. Binti akamwambia "Zaidi, bwana," akazidisha, mpaka shati likamshika mgongoni na udongo halisi ukajitokeza, mabaka kwa mabaka.

Binti alisoma kwa sauti watu wasikie. Hapa juu udongo mwepesi, mizizi inapita. Hapa chini yake udongo unabana, unashika maji. Na hapa, aligonga kwa kisu, kikalia kama kimegonga chungu, hapa kuna tabaka gumu, mzizi hauvuki, maji hayavuki. Tarumbeta alitoa macho pima. Miaka yote alijua kuwa mtama wa pale husimama vizuri halafu hunyauka ghafla mvua ikikata, na leo aliona mahali penyewe, mizizi imefika pale na kukunja kona kama watu waliokuta daraja limekatika. Alijisikia kama mtu anayeoneshwa picha ya moyo wa mtoto wake. Haukuwa moyo usio na kasoro. Ulikuwa wa mtoto wake.

Shimo la mwisho lilikuwa la shambani kwake, chini. Bwana Ardhi, aliyekwisha kuchafuka mpaka masikioni na kuanza, Mungu amsamehe, kuifurahia kazi, alikwangua kiganja, akakwangua na cha pili. Ukungu mweupe haukuisha. Uliingia ndani, ukashuka, uko mpaka miguuni pake.

Binti alitazama juu. "Mama. Hapa siyo majivu."

"Hapa siyo majivu," Tarumbeta alisema. "Andika."

Maabara ilijibu upesi mara hii, na Bwana Ardhi ndiye aliyeleta ramani mpya mwenyewe, imekunjwa kwapani, haijapakwa rangi. Waliitandaza juu ya meza ya mwalimu, wakaondoa maua. Binti alisoma masharti, na watu walisikiliza kama wanaosikiliza majina ya watoto wao yakiitwa miongoni mwa waliofaulu. Juu miguuni mwa vilima: panalimika, kwa mistari ya mawe tu, na makorongo yazibwe. Katikati: panalimika, kwa vishimo na samadi, gamba livunjwe, na mazao yasiyo na mizizi mirefu. Udongo mweusi: panalimika, mtu akijua kungoja, asiingie pakiwa na maji wala asichelewe pakikauka. Kwa hiyo ranchi haitapata tambarare. Itafute kwingine.

Makofi yalianza, Tarumbeta akayazuia kwa mkono. "Soma yote."

"Ukanda wa mbugani," binti alisoma, polepole. "Chumvi. Hapafai kulimwa. Panafaa kwa malisho."

Watu wote walijua ukanda ule ni wa nani. Walijua pia kuwa kila masika, mwaka nenda mwaka rudi, Tarumbeta alipanda pale, na kila masika mtama ulinuna, ukafa mfupi, naye akapanda tena mwaka uliofuata kwa hasira, ili asije akatoka mtu ofisini akasema hata inchi moja ya tambarare imeshindikana. Hakuna jirani aliyewahi kumwambia neno. Nani angeanza?

"Rangi ya kijivu iko wapi?" aliuliza.

Bwana Ardhi alimpa kalamu ya rangi. Tarumbeta aliinama juu ya meza. Alipaka ukanda wake taratibu, bila kutoka nje ya mstari, kama anayesawazisha ukuta. Kisha akanyosha mgongo.

"Kijivu chenu kilikuwa uongo kwa sababu kilikuwa kila mahali," alisema. "Hiki nimepaka mimi, na ni cha kweli. Na kwa kuwa hiki ni cha kweli, hakuna atakayethubutu kusema hizo rangi nyingine si za kweli."

Shemeji alipiga kofi la kwanza, akilia wazi wazi, na baada yake darasa lilitetemeka.

Alifungulia mbuzi shambani mwake mwaka ule. Majani ya mbugani waliyapenda, na chumvi waliilamba. Shimo la katikati waliliacha wazi, wakalizungushia miti wasitumbukie watoto, na akija mgeni wa kutilia shaka nchi ile, anaazimwa buti, anaoneshwa ngazi. Kuta hazijakandikwa tena.

Msimu ulipogeuka, Tarumbeta alikwenda ofisi ya ardhi. Karani mpya, kijana mwenye adabu, alimwona amesimama mlangoni kwa mkuu akajiweka tayari, maana alikuwa ameonywa.

"Karibu mama. Una shida gani leo?"

"Sina shida."

"Umeleta barua?"

"Sikuleta."

Alipita, akasimama mbele ya ukuta wenye ramani mpya, mikono nyuma. Kule juu ilikuwa kahawia hafifu, katikati njano, halafu zambarau ya udongo mweusi, na chini kabisa ukanda mwembamba wa kijivu ambao ukiutazama kwa karibu unaona alama za mkono uliokuwa ukikandamiza kalamu. Mkuu wa ofisi aliingia, akatoka. Simu ililia, ikapokelewa. Karani alingoja kelele zianze, akazingoja sana, mwishowe akaja taratibu na kiti.

Tarumbeta alikipokea, akakaa, akaendelea kutazama bila kusema neno.